Mstari Wake wa Blugamu

Kuna somo moja nililolifundisha vizuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na ndilo ninalolijutia. Yale niliyofundisha vibaya hayajamdhuru mtu. Watoto waliyasahau kabla kengele haijalia, wakaenda zao kula.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia katika shule ya sekondari ya kutwa, huku juu ukitoka Litein kuelekea Kimulot, mahali chai inapokwisha na msitu wa Mau kuanza, ingawa siku hizi huwezi kuapa ni wapi hasa. Juu ya Bayolojia nimebebeshwa klabu ya mazingira. Nasema nimebebeshwa kwa sababu mwaka nilioingia, mwalimu aliyekuwa nayo alihamishwa, na mwalimu mkuu akaangaza macho mkutanoni akitafuta mgeni asiyejua kukataa. Baadaye niliipenda, tena kwa hasira, maana mimi nikipenda kitu napiga kelele. Walimu wenzangu wakaniita waziri wa miti. Nikiingia ofisini na gumbuti zangu zenye matope walisimama wote kana kwamba serikali imefika. Chekeni tu, niliwaambia, siku mtakayofungua mfereji utoe upepo mtanitafuta.

Wazazi wangu si wa huku. Baba alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha chai, na kazi yake miaka yote ikawa moja tu: kulisha boila kuni. Majani ya chai hayakaushwi na maombi. Yanakaushwa na moto, na moto ule ulikula blugamu kutwa kucha. Mikaratusi ndilo jina la vitabuni, lakini huku hakuna anayesema mikaratusi, ni blugamu tu. Nilizijua blugamu kabla sijajua kuandika jina langu. Sisi watoto wa kambi tulicheza katikati yake, na Baba alirudi nyumbani ananukia moshi wake hata Jumapili, ndani ya suti ya kanisani.

Sasa wewe jaribu kumfundisha mtoto wa sekondari kupenda mti katika shule kama yetu. Kwetu ukichelewa unapewa kisiki. Unaonyeshwa kisiki cha blugamu nyuma ya vyoo, unapewa jembe na shoka, na unaambiwa usiingie darasani mpaka mizizi ione jua. Ukipiga kelele darasani, unamwagilia miche. Ukikutwa na simu, unachimba mashimo ya kupandia, wiki nzima. Naibu wa mwalimu mkuu alipenda sana utaratibu huo. Aliniambia, "Madam, si unaona nakusaidia? Miti yako inapandwa bure." Mara moja nikawaambia kidato cha pili waandike kila mmoja mti una maana gani kwake. Nilitarajia hewa safi na mvua. Mmoja akaandika sentensi moja tu: mti ni kuchelewa. Nilicheka hadi nikashika tumbo, halafu nilipobaki peke yangu kwenye maabara kicheko chote kikaniisha.

Na siku za kupanda miti je! Wageni wanakuja na magari, na fulana, na bango kubwa la kupigia picha. Tunapanda kwenye mashimo yale yale ya mwaka jana, kwa sababu miche ya mwaka jana ililiwa na ng'ombe wa jirani na hakuna aliyetaka kuchimba mashimo mapya. Hotuba zinatolewa kwa Kiingereza. Watoto wanapiga makofi kwa bidii kwa sababu wanajua baada ya makofi kuna soda. Kisha magari yanaondoka, mpishi anapuliza moto, na jikoni unaingia mzigo wa kuni wa kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya watu wote hao. Nilikuwa nikisimama pale na fulana yangu mpya, najiona mpumbavu.

Kwa hivyo alipotokea mmoja aliyesikiliza, ala, nilifurahi mno. Furaha ile ilinipofusha.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mrefu, mkimya, sweta yake imetiwa viraka kwenye viwiko kwa uzi ambao karibu ulifanana na rangi yake. Alifika kila asubuhi na pindo la sketi limelowa umande wa kwenye chai, na karibu kila asubuhi alichelewa. Akapewa visiki. Nadhani ameng'oa visiki vingi kuliko mtu yeyote aliyepita shule ile. Nilipomuuliza kwa ukali kwa nini haamki mapema kama wenzake, alinijibu bila kulalamika kwamba anaamka, lakini chemchemi ya kwao imepungua. Zamani ulikuwa unatega mtungi na unajaa ukisimama. Sasa lazima uchote kwa kikombe, na nyumba zote za upande ule zinapanga foleni. Fikiria hilo. Mtoto anachelewa kwa sababu blugamu zimekunywa maji, halafu anaadhibiwa kwa kupewa kisiki cha blugamu. Mimi niliyekuwa nalipwa kuona mambo hayo sikuwa nimeyaona.

Nikaipeleka klabu nzima kwenye chemchemi hiyo, Ijumaa moja baada ya masomo. Ni mwendo wa kuteremka katikati ya mashamba ya chai ya wenyeji, kila mtu na robo ekari yake, hadi chini bondeni. Ukingo mzima juu ya maji umejaa blugamu, mistari mitatu iliyonyooka, ule wa chini kabisa ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye jicho la maji. Nyanya yake alitoka nje ya boma kutusalimia, akatuambia kwamba yeye alipoolewa pale ndama walikunywa hapo chini, maji yakitiririka yenyewe hadi mtoni. Watoto wote wakainama kutazama kadimbwi kadogo kalikobaki. Nami nikaona hapo ndipo pa kupigilia msumari. Nikawaambia miti hii inakunywa mchana na usiku, kwamba nafasi yake si karibu na maji, kwamba hapo panafaa mianzi na miti ya kienyeji. Nikasema kwa sauti ile yangu ya waziri: "Msingoje serikali. Kila mtu aanze kwao."

Waliandika. Wanafunzi wangu huandika chochote ukikisema polepole.

Muhula huo huo tulikuwa tunasoma usafirishaji katika mimea. Hapo ndipo kuna lile jaribio linalopendwa na watahini: unavua gome la mti kuzunguka shina, ukanda mwembamba kama mkanda wa suruali, na mti unakufa polepole, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hupita kwenye gome kwenda mizizini. Tulilifanya kwenye tawi la mpera nyuma ya maabara. Baada ya wiki chache tawi likavimba juu ya ukanda, na watoto wakaja mmoja mmoja kulishika, wakashangaa. Haki ya Mungu, sijawahi kufundisha somo likakaa vile. Hata naibu alipita akachungulia.

Yule msichana alibaki wenzake walipotoka. Alikuwa ameuchora mchoro vizuri, kwa penseli iliyochongwa, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa visiki.

Akaniuliza, "Madam, blugamu ukikata inachipuka tena. Hata kisiki usipong'oa mizizi yote, inachipuka. Ukitoa gome je?"

Nikamjibu bila kufikiri hata sekunde moja. "Ukitoa gome, mizizi inakosa chakula. Ikikosa chakula inakufa. Kwisha."

"Yote?"

"Yote."

Alisema asante, Madam, akafunga daftari. Mimi, mtoto wa mtu wa boila, niliyezaliwa kwenye harufu ya blugamu, nilimjibu kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuishika.

Shule zikafungwa, zikafunguliwa. Kwenye wiki ya pili ya muhula, nikiwa nasahihisha majaribio ofisini, mlinzi akaja kuniita kwamba kuna mzazi. Nilidhani ni mambo ya alama. Nikatoka nimejiandaa kugombana, maana wazazi wanaokuja bila kuitwa huwa wamekuja kugombana.

Alikuwa baba wa yule msichana. Mtu mwembamba, amevaa gumbuti na koti la mvua, ameshika kofia mkononi. Sikumjua, ila pua na paji la uso vilinitambulisha. Nikampa kiti kwenye baraza la maabara, akakataa kukaa hadi nilipokaa mimi.

"Madam, mimi sijakuja kwa ubaya," alisema. "Nimekuja kuuliza tu."

"Uliza, mzee."

Aliniuliza kama nilikwenda kwenye chemchemi yake na wanafunzi. Nikasema ndiyo, nikaanza kumshukuru kwa kutupokea, na akanisubiri nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo mtu yeyote wa bonde lile angenieleza kama ningeuliza. Ile mistari mitatu haikupandwa ovyo. Kila alipopata mtoto, alimpandia mstari wake. Wa kifungua mimba ni ule wa juu, ndio uliompeleka chuo cha ualimu. Wa pili ni wa kijana wake, bado umesimama kidogo, nusu umeshauzwa. Mstari wa chini, ule wa karibu na maji, ulikuwa wa msichana huyu, kwa sababu alipozaliwa ardhi iliyobaki ni hiyo tu. Mtoto mdogo kabisa hana mstari, pa kuupanda hapakuwepo.

"Hio laini yake ilikuwa bado miaka miwili iwe nguzo za stima," alisema. "Hapo ingelipa karo ninayoikopa sasa, imtoe kidato cha nne, na baada ya hapo. Mimi nikamwambia hivyo tangu akiwa mdogo. Anajua."

Nilishajua anakoelekea kabla hajafika mwisho.

Wakati wa likizo, yeye akiwa amepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, msichana alikuwa ameshuka na panga. Alivua gome la kila mti wa mstari ule, mmoja baada ya mwingine, mkanda mmoja wa upana ule ule, kwenye urefu wa kiuno chake. Hakuruka hata mmoja. Alifanya hivyo siku kadhaa na hakuna aliyemwona, kwa sababu nani humchunguza mtoto aliyekwenda kuteka maji? Baba aligundua majani yalipoanza kubadilika rangi.

"Kazi safi," baba alisema, na nadhani alimaanisha hivyo. "Mimi mwenyewe singeweza kuifanya safi vile."

"Mzee, jameni..."

"Nilimuuliza nani amemtuma. Akasema hakuna. Akasema amefundishwa. Sasa, Madam, ulimwambia afanye?"

Nikasema hapana. Neno lilitoka haraka, na lilikuwa kweli. Sikumwambia afanye. Nilimwambia miti inakunywa maji, nilimwambia ukitoa gome mti unakufa, nilimwambia kila mtu aanze kwao. Kumwambia afanye, hapana, hilo sikulisema kamwe.

Tukamwita. Alikuja kutoka darasani, akasimama mbele yetu mikono nyuma, macho kwenye gumbuti za baba yake. Nikamuuliza kwa nini. Nilitaka aseme kitu cha kitoto, kwamba hakufikiri, kwamba hakujua. Ningejua la kufanya na mtoto asiyejua.

"Ni laini yangu," akasema. "Sikuguza za ndugu zangu."

"Lakini ilikuwa ya shule yako," nikasema.

"Najua, Madam. Maji ni ya watu wote."

Baba yake akavaa kofia. Akamwambia arudi darasani, asikose somo. Kisha akanigeukia akanipa mkono, mkono mkavu wa mtu anayechuma chai yake mwenyewe, akasema, "Umefundisha vizuri, Madam." Nimetafuta kejeli kwenye sauti ile miaka hii yote na sijaipata.

Nikaanza kuhangaika. Wacha niseme nilihangaika, kwa sababu kuhangaika ndiko nilikoweza. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema andika barua. Niliandika. Nikapeleka fomu za basari, msaada wa karo, ofisi ya wadi, nikaambiwa zimefungwa, zitafunguliwa tena, subiri. Nikaenda kwa mchungaji wao, akaombea jambo hilo palepale nikiwa nimesimama. Nikawaendea walimu wenzangu, wale wale wa kusimama nikiingia, na safari hii hakuna aliyesimama wala kucheka. Walitoa walichokuwa nacho, kikamsukuma hadi mwisho wa muhula wa pili, basi. Nami nina watoto wangu, na mume ambaye mshahara wake unafika ukiwa umeshaliwa. Nilijua kabisa mahali mkono wangu unapoishia. Kujua huko hakukunisaidia kulala.

Afisa mmoja wa mambo ya miti akasikia hadithi hiyo kutoka kwa naibu. Akanipigia simu amechangamka, anataka kuja kumpiga picha msichana akiwa amesimama kando ya chemchemi, iwe mfano kwa shule nyingine. Atapewa cheti. Nikamuuliza cheti hicho kitamlipia kidato cha nne? Akacheka, akidhani natania. Nikamkatia simu, na nilijilaumu baadaye, maana pengine kutokana na cheti kungetoka kitu. Lakini sikuweza.

Halafu kuni zikaja shuleni.

Ilikuwa lazima. Miti iliyokauka ikiwa bado myembamba haiwi nguzo za umeme, inakuwa kuni tu, na kuni tu ni kitu ambacho kila mtu huku anacho. Baba yake alizikata kabla hazijaoza akatafuta mnunuzi, na mnunuzi wa karibu asiyebagua ni jiko la shule. Trekta liliingia saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, wanafunzi wote wakiwa nje. Magogo yakabwagwa kando ya jikoni. Kwenye mengi uliiona mikanda ile, imekauka, myeupe. Watoto wa klabu yangu walisimama wakaitazama. Yule msichana alikuwa miongoni mwao. Alipoona naangalia upande wake akainama kufunga kamba ya kiatu.

Mchana huo nilikula githeri. Nilikuwa na njaa, na ilikuwa imeiva vizuri.

Aliacha shule muhula wa pili ulipokwisha. Hakuaga. Wanafunzi wetu wengi hawaagi, kiti tu kinabaki, na baada ya wiki mbili mwenzake anakisogeza karibu na dirisha. Kuni zake zilikuwa bado zipo kando ya jikoni, karibu nusu. Zilikaa shuleni muda mrefu kuliko yeye.

Mimi niliendelea na kazi. Niliendelea na klabu pia, kwa unyonge. Nilipowaambia watoto juu ya chemchemi na miti, nilisikia sauti yangu inapungua kwenye maneno fulani. Nikaacha kabisa kusema kila mtu aanze kwao. Niliwapeleka kupanda mianzi kando ya kijito cha shule, ambacho si cha mtu yeyote na hakiwezi kumdhuru mtu yeyote, na wakaipanda, na nusu ikashika. Naibu akafurahi, akaandika kwenye ripoti.

Sikuteremka bondeni kwa muda mrefu. Nilijidanganya kwamba niko na kazi nyingi. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu: nilijiambia kwamba angalau maji yamerudi. Kwamba alilipa, lakini alipata alichokilipia, na nyumba zote za upande ule sasa zinatega mtungi na unajaa. Nilihitaji sana kuamini hivyo. Mwishowe nikashuka, baada ya mvua ndefu, nikavaa gumbuti zangu zile zile.

Nilimkuta yule msichana kwenye chai yao, kikapu mgongoni, vidole vikienda haraka kuliko macho. Alikuwa amenenepa kidogo, amekuwa mwanamke. Alifurahi kuniona, alifurahi kweli, na hilo lilinivunja moyo zaidi kuliko kama angenichukia. Akanisalimia "Chamgei, Madam," akaniuliza watoto, akaniuliza kama mpera wa maabara bado upo. Nikasema nimekuja kuona maji.

Akaweka kikapu chini. Tukashuka.

Nilisikia kabla sijaona. Au tuseme sikusikia, kwa sababu nilitega sikio kwa mlio wa maji na hapakuwa na mlio. Kadimbwi kalikuwa kale kale. Kikombe kilikuwa kimening'inizwa kwenye kijiti kama zamani. Na ukingoni, pale mstari wake ulipokuwa, palikuwa na kijani. Kila kisiki kilikuwa kimechipuka, chini tu ya pale baba yake alipokata. Mahali palipokuwa na mti mmoja sasa palikuwa na vijiti vitano, sita, vinyoofu, vyenye majani yale mapana ya utotoni yenye harufu kali, vimeshanipita urefu.

Nilikaa chini kwenye nyasi mbichi.

Nilipomsimulia Baba baadaye kwa simu, aliguna kama ilivyo desturi yake. Akasema kiwandani walizoea kuzivua gome makusudi ili zikaukie zimesimama, ziwe nyepesi kubeba, na kila mara zilitoa machipukizi chini ya jeraha. Zina akiba ndani ya shina, alisema, hazitegemei majani peke yake. Kila mtu wa boila alijua. "Si ungeniuliza?" akasema. Miaka yote hiyo aliketi kwenye kiti chake mita chache kutoka jikoni mwangu kila Krismasi, na sikumuuliza.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, na msichana amesimama, anachezea jani moja la blugamu kati ya vidole. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nilimjibu vibaya siku ile, na kwamba naomba msamaha. Hakuna mwalimu aliyenifundisha jinsi ya kusema hivyo kwa mwanafunzi, na nililisema kwa kugugumia.

"Si neno, Madam," akasema. "Hata mimi nilifikiri itakufa."

"Tunaweza kuzing'oa," nikasema. "Nitaleta klabu. Visiki tunavijua." Nilijaribu hata kutabasamu.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Baba amesema hizi sasa ni laini ya mdogo wangu."

Nikatazama vile vijiti. Baada ya miaka kadhaa vingekuwa nguzo. Mtoto ambaye hakuwa na mstari alikuwa ameupata, na ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

"Si ulisema kila mtu aanze kwao," aliendelea, polepole, bila ukali wowote, akiliwaza jambo lenyewe tu. "Hapa si kwangu tena. Siwezi kuguza."

Tukapanda kurudi kwenye chai. Nilimsaidia kuinua kikapu mgongoni, na ndipo, akiwa amenipa kisogo, mikono yake ikinyoosha kamba mabegani, akaniuliza lile alilokuwa amelibeba njia nzima.

"Mdogo wangu anakuja kwenu akimaliza shule ya msingi. Anapenda sana mambo ya miti. Utamfundisha ile ya gome?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema chochote. Nikasikia mdomo wangu unamjibu, kwa sauti ya darasani: "Iko kwenye silabasi."

Akaitikia, ndiyo Madam, vile wanavyoitikia wote, akaendelea kuchuma.